Bega Moja Limepanda: Je, Kupinda kwa Mgongo ni Ugonjwa wa Wasichana?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 22, mkazi wa Mafinga mkoani Iringa, na kazi yangu ni kupasua na kuuza mbao. Ninaomba jina langu lisitajwe, kwa sababu watu wa nyumbani husoma safu hii, na jambo ninalolieleza hapa bado sijamwambia binti ninayetarajia kumwoa.

Mwezi wa sita mwaka huu tulikuwa na sherehe ya kumuaga dada yangu, nami nikaenda kwa fundi cherehani kushonewa suti. Fundi aliponipima mabega alinyamaza, akanigeuza, akanipima tena, kisha akaniambia nisimame wima nisijikunje. Nilikuwa nimesimama wima. Siku ya kujaribu koti alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bega langu la kulia liko juu ya la kushoto kwa karibu vidole viwili, na kwamba bapa la bega hilo limetokeza mgongoni, kwa hiyo ameweka sponji mbili upande wa kushoto ili koti likae. Suti ilisifiwa na kila mtu. Usiku ule, hata hivyo, nilivua shati nikajitazama kwenye kioo cha kabati la mama, na tangu hapo sijavua shati mbele ya mtu yeyote.

Nilikwenda hospitali, nikalazwa juu ya meza ya eksirei, nikapigwa picha ya mgongo. Daktari aliniambia kwamba uti wa mgongo umepinda kuelekea kulia sehemu ya kifua kwa nyuzi 34, kwamba hali hiyo inaitwa skoliosisi, kwamba nimeshamaliza kukua, kwamba hakuna dawa ya kumeza, na kwamba nirudi baada ya mwaka mmoja. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, nikatoka na bahasha yangu bila kuuliza hata swali moja.

Nyumbani mambo yamekuwa makubwa. Mama analia, anaamini mgongo wangu umepinda kwa mbao nilizobeba begani tangu nikiwa na miaka 14, baba alipofariki. Baba mdogo, ambaye ndiye amesimama kama mzazi wetu, anasema tusisubiri hadi niwe na kibiongo. Amezungumza na wakala anayewapeleka wagonjwa India, na anapendekeza tuuze shamba la paini alilotuachia marehemu baba. Miti hiyo ina miaka 9 tu, wakati huku kwetu anayetaka bei nzuri husubiri hadi ifike miaka 18 au zaidi, na ndiyo iliyotegemewa kuwasomesha wadogo zangu wawili. Mnunuzi amepatikana, lakini bei anayotaja ni ya miti michanga, na anataka jibu kabla ya Krismasi. Mama mkubwa naye anamjua mzee anayenyoosha viungo kwa kukanda na kuvuta, anasema niende huko kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kuliandika. Nimesoma mtandaoni kuhusu ugonjwa huu, na karibu kila picha niliyoiona ni ya msichana. Rafiki yangu mmoja niliyemwonyesha picha ya eksirei alicheka, akasema nimepata ugonjwa wa kike. Tangu siku hiyo najiuliza kama kuna kasoro katika uanaume wangu. Je, ni vijana wangapi wa kiume wenye tatizo hili, au niko peke yangu? Je, litanizuia kuwa na familia? Je, watoto wangu watalirithi?

Binti ninayempenda hajui lolote. Tulipanga kupeleka posa baada ya mavuno. Nikimwambia sasa, naogopa wazazi wake wataona wanaletewa mgonjwa. Nisipomwambia, siku atakapouona mgongo wangu atasema nilimdanganya.

Kuhusu maumivu, mgongo huniuma jioni nikishinda nimesimama kwenye mashine, nikilala unatulia. Sina homa, sipungui uzito, wala sina ganzi miguuni. Nimalizie kwa hili: nina mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 13, amemaliza darasa la saba mwaka huu. Juzi tukiwa tunaoga mtoni niliona kama bega lake la kulia limekaa kama langu. Mama anasema ni kwa sababu hubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Huenda ni macho yangu tu, ambayo siku hizi yanakagua mabega ya kila mtu.

Shangazi, tuuze shamba au tusiuze? Nimwambie mwenzangu au ninyamaze?

Kijana wa Mafinga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na nimeona kwamba chini ya maswali ya shamba, India na posa kuna swali moja ulilolibeba kwa miezi kadhaa: kama wewe bado ni mwanamume kamili kama wenzako, au umeangukiwa na jambo lisilowapata wanaume. Nitaanza hapo, kwa sababu mtu anayejiona ana aibu ya kuficha hukata shauri kwa haraka, na mashauri yaliyo mbele yako, hasa la shamba, hayahitaji haraka. Mimi si daktari, na yale ya kitabibu ninayokuandikia ni yale yanayojulikana na kukubalika miongoni mwao. Yatumie kama maandalizi ya kwenda kuzungumza nao, yasichukue nafasi yao.

Madaktari huhesabu kuwa mtu ana skoliosisi pale mgongo unapopinda kwa upande, huku pingili zake zikiwa zimejizungusha, kwa nyuzi 10 au zaidi, zikipimwa kwenye picha kwa njia aliyoieleza daktari wa Marekani, John Cobb, mwaka 1948. Kwa kipimo hicho, vijana wawili au watatu kati ya kila 100 wenye umri wa kubalehe wana skoliosisi. Jambo ambalo picha ulizoziona mtandaoni hazikukwambia ni hili: kwenye mipindo midogo, ya nyuzi 10 hadi 20, wavulana na wasichana wanakaribiana sana kwa idadi. Tofauti hujitokeza mpindo unapokuwa mkubwa. Ukivuka nyuzi 30, wasichana huwazidi wavulana mara nyingi, na vitabu vya tiba hutaja hadi wasichana kumi kwa mvulana mmoja. Kwa hiyo mipindo huwapata watu wa jinsia zote mbili, lakini wa msichana ndio unaoelekea zaidi kuendelea kukua, na kwa kuwa wanaohitaji matibabu ni wale wenye mipindo mikubwa, wanaopigwa picha na kuonyeshwa ni wasichana.

Sitakuficha upande wa pili wa hesabu hiyo. Mpindo wa nyuzi 34 kwa kijana wa kiume si jambo la kila siku. Uko miongoni mwa wachache. Lakini wachache katika nchi yenye mamilioni ya vijana bado ni watu wengi, na nina sababu ya kuamini kwamba wengi wao hawajulikani hata kwa wenyewe. Namba nilizokutajia zimetokana kwa sehemu kubwa na nchi zinazowakagua wanafunzi migongo shuleni, kama Japani, au zenye kawaida ya muda mrefu ya kuwapima, kama Hong Kong. Huku kwetu mvulana huvaa shati pana, huambiwa asijikunje, na akilalamika mgongo huambiwa avumilie kwa kuwa ni mwanamume. Wewe mwenyewe ulifika miaka 22 bila mtu kukuona hadi fundi aliponyoosha utepe wake begani mwako.

Bila shaka unamjua Usain Bolt, Mjamaika aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, rekodi ya dunia. Mgongo wake una skoliosisi, na amelisema hilo hadharani mara kadhaa, akieleza kwamba mwanzoni mwa kazi yake lilimsumbua kwa majeraha na kwamba kuimarisha misuli ya mgongo na tumbo ndiko kulikomwezesha kuendelea. Simtaji ili ujione unapaswa kuwa bingwa. Namtaja kwa sababu rafiki yako aliyecheka huenda amemshangilia mtu huyo kwenye televisheni, na hakuna aliyewahi kumwambia Bolt kwamba ana ugonjwa wa kike.

Kuhusu uanaume wako na uzazi, skoliosisi ya aina inayowapata vijana wengi haigusi nguvu za kiume wala uwezo wa kuzaa. Kuhusu watoto, ni kweli kwamba hali hii huonekana zaidi katika baadhi ya familia kuliko nyingine, lakini hairithiwi kwa njia ya moja kwa moja, na mzazi mwenye mgongo uliopinda anaweza kupata watoto wote wenye migongo iliyonyooka. Mwambie na mama yako kwamba si mbao. Katika wagonjwa takriban wanane kati ya kumi, chanzo hakijulikani, na kubeba mizigo, hata mizito, hakujaonekana kuwa ndiko kunakoleta mpindo wa namna hii. Mbao zaweza kukuumiza misuli na kukuchosha, nawe kwa mgongo wako unahitaji kujipangia kazi vizuri zaidi, lakini mama asiendelee kulia akidhani kwamba umaskini wa miaka ile ya msiba ndio uliokupinda. Mzigo huo wa moyoni ungependa kumtua mapema.

Sasa tuje kwenye picha yako, kwa sababu kuna neno moja katika barua yako lililonishtua kuliko yote: umesema ulilazwa. Mgongo uliopinda hupimwa mtu akiwa amesimama, kwa picha inayoonyesha uti wote kuanzia shingoni hadi nyongani, kwa kuwa mtu akilala uzito wa mwili huondoka na mpindo huonekana mdogo kuliko ulivyo. Isitoshe, hata picha moja ikipimwa na wataalamu wawili, majibu yao yaweza kutofautiana kwa nyuzi kama 5. Maana yake ni kwamba 34 uliyopewa ni makadirio. Ukisimama yaweza kuwa 36, yaweza kuwa zaidi ya 40, na mwaka ujao ukipimwa ukaambiwa 37 haitakuwa na maana kwamba umeharibika. Shamba la marehemu baba yako linapangiwa kuuzwa kwa tarakimu moja iliyopatikana mezani. Ninadhani baba mdogo, ambaye naona anakupenda kwa dhati, angependa kulijua hilo kabla ya kumjibu mnunuzi.

Kuhusu mpindo wenyewe utakwenda wapi, uzoefu wa madaktari ni huu. Mtu akimaliza kukua akiwa na mpindo chini ya nyuzi 30, kwa kawaida haumsumbui tena kwa kuongezeka. Ukizidi nyuzi 50, hasa sehemu ya kifua, mara nyingi huendelea polepole, kama uzi mmoja kwa mwaka. Wewe uko katikati, mahali ambapo wengine hubaki walipo na wengine husogea kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu uliambiwa urudi. Daktari wako hakukupuuza alipokwambia usubiri; alichokosa kukupa ni maelezo, nawe ulikosa nafasi ya kuyaomba. Katika jimbo la Iowa, Marekani, watu wenye skoliosisi ambao hawakutibiwa kabisa walifuatiliwa kwa takriban miaka 50, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2003 ilionekana kwamba waliishi maisha ya kawaida, walifanya kazi, waliolewa na kuoa, ingawa walikuwa na maumivu ya mgongo zaidi ya wenzao, na wale wenye mipindo mikubwa sana ya kifua ndio waliokuwa hatarini kupungukiwa pumzi. Wengi wa waliofuatiliwa walikuwa wanawake, hilo nalo ulijue.

Upasuaji ambao wakala amemweleza baba mdogo kwa kawaida huanza kuzungumzwa mpindo ukifika nyuzi 45 hadi 50. Pingili kadhaa hufungwa kwa skrubu na vyuma, kisha mifupa huachwa iungane iwe mfupa mmoja. Upasuaji huo hunyoosha mgongo kwa kiasi kikubwa, na kwa wanaouhitaji ni tiba nzuri sana. Lakini sehemu iliyounganishwa haitapinda tena maishani, nawe kazi yako ni ya kuinama na kuinua. Kuna hatari ya kupoteza damu nyingi, ya maambukizi, ya vyuma kulegea au kuvunjika na kulazimu upasuaji wa pili, na ipo hatari ndogo, lakini nzito, ya kuumia kwa mishipa ya fahamu. Mtu aliyepasuliwa ng'ambo hurudi nyumbani akiwa bado anahitaji kuangaliwa, na katika mipango ya mawakala gharama hiyo ya baadaye mara nyingi haimo. Baba mdogo amemuuliza wakala nani atakayekuhudumia kidonda kikifunguka ukiwa Mafinga?

Pia si lazima safari ianzie uwanja wa ndege. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyopo Dar es Salaam, ina madaktari bingwa wa upasuaji wa uti wa mgongo, na mtu anaweza kufika huko kwa barua ya rufaa kutoka hospitali yake. Ikiwa wao watasema unahitaji upasuaji, basi familia itakuwa inajadili jambo lenye msingi, na pengine shamba litauzwa kwa haki. Wakisema huhitaji, mtakuwa mmeokoa miti. Hatari ya kusubiri nayo ipo: mnunuzi aweza kuondoka, na kama mpindo utaonekana mkubwa kuliko tulivyodhani mtajilaumu kwa miezi iliyopita. Lakini kwa mtu aliyemaliza kukua, miezi michache haibadilishi mgongo kwa kiasi cha kumfanya akose tiba.

Ukienda, kwa kuwa u mwanamume mwenye mpindo wa kutosha, mwombe daktari akupime pia mishipa ya fahamu: nguvu za miguu, hisia za ngozi, na namna misuli inavyoitika anapogonga goti. Kwa kuwa mipindo mikubwa si ya kawaida kwa wavulana, madaktari makini hutaka kuhakikisha hakuna chanzo kingine kilichojificha ndani ya uti, na wakiona dalili fulani huagiza MRI, yaani kipimo cha picha kinachoonyesha hata sehemu laini za ndani ya mwili. Mpindo wako kuelekea kulia ndio ulio wa kawaida zaidi kwa kifua, na maumivu yanayotulia ukilala ni ya namna isiyotisha. Yakibadilika yakawa ya kukuamsha usiku, ukapata homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, usisubiri mwaka uishe, kwa sababu kifua kikuu cha mifupa kipo kwetu na huharibu uti wa mgongo kwa namna nyingine kabisa. Vivyo hivyo ukiona miguu inalegea au ukashindwa kuzuia haja, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mzee anayevuta viungo nina neno fupi tu. Kukandwa kwa upole ili misuli ilegee ni jambo ambalo watu wengi hulifurahia, na sitalidharau. Kuvutwa kwa nguvu au kubanjuliwa mgongo ambao pingili zake zimezunguka ni jambo jingine, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuirudisha mifupa hiyo mahali pake. Mwambie mama mkubwa kwa heshima kwamba unamshukuru, na kwamba unaanza na mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye atakufundisha mazoezi ya kuimarisha mgongo na tumbo. Mazoezi hayo hayatakunyoosha ukiwa na umri huu, ila yanaweza kupunguza yale maumivu yako ya jioni.

Nimechelewa kumfikia mdogo wako, mwanangu, nami nimemtafutia nafasi ya kutosha, kwa sababu ninadhani mtu mwenye haraka katika barua hii ni yeye. Ulimtaja karibu na mwisho, kisha ukayatilia shaka macho yako mwenyewe. Mimi ningeyasikiliza. Wewe umemaliza kukua, yeye bado hajaanza vizuri. Wavulana hurefuka kwa kasi wakiwa wamechelewa kuliko wasichana kwa takriban miaka miwili, na wengi huendelea kurefuka hadi miaka 16 au 17, na ni katika kipindi hicho cha kurefuka haraka ndipo mpindo mdogo huweza kuwa mkubwa ndani ya miezi. Ana kaka mwenye skoliosisi, jambo ambalo peke yake linatosha kumfanya akaguliwe.

Unaweza kumtazama nyumbani kabla ya hospitali, kwa namna ambayo daktari Mwingereza William Adams aliieleza katika karne ya 19 na ambayo hadi leo ndiyo hutumika shuleni. Mwambie avue shati, asimame miguu ikiwa pamoja na magoti yamenyooka, aunganishe viganja kama anayetaka kupiga mbizi, kisha ainame taratibu hadi mgongo uwe sambamba na sakafu. Wewe chuchumaa nyuma yake, macho yako yawe usawa wa mgongo wake, utazame kuanzia mabega kushuka hadi kiunoni. Kama upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine, mpeleke apigwe picha akiwa amesimama. Kama pande zote ziko sawa, rudia baada ya miezi minne au sita hadi atakapoacha kurefuka. Fanya hivyo faraghani, bila wenzake, na kwa maneno ambayo hayatamfundisha aibu unayoijua wewe.

Sababu ya kulisisitiza hili ni kwamba kwa mtoto anayekua ipo tiba ambayo kwako wakati wake umepita. Ni koti gumu la plastiki linaloundwa kwa kipimo cha mwili wake na kuvaliwa chini ya nguo, hasa mpindo ukiwa kati ya nyuzi 20 na 40. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 waliovaa koti hilo, 72 walimaliza kukua bila mpindo kufika nyuzi 50, ukilinganisha na 48 kati ya 100 walioangaliwa tu bila koti. Waliolivaa kwa saa nyingi, kama 13 au zaidi kwa siku, walifanikiwa zaidi, wapatao tisa kati ya kumi. Linabana, lina joto, na wavulana hasa hujulikana kwa kulivua wakiwa mbali na macho ya wazazi. Wataalamu wa kuunda vifaa hivyo tunao. Chuo cha TATCOT kilichopo Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafundisha kwa zaidi ya miaka 40. Mtoto amemaliza mtihani na yuko nyumbani akisubiri matokeo, kwa hiyo hamtamtoa darasani. Nauli ya watu wawili kwenda hospitali haihitaji shamba. Na kama siku moja itabidi miti iuzwe kwa ajili ya mgongo, fikirieni pamoja kama mgongo huo ungekuwa wako au wake.

Limebaki la mwenzako. Umeliweka kana kwamba kuna milango miwili tu, wa kusema na wa kunyamaza, na kwamba nyuma ya kila mlango kuna hasara. Ninajiuliza kama tatizo si kwamba hujui la kumwambia. Leo ukimkalisha utamweleza hofu: kwamba una ugonjwa, kwamba watu wanasema ni wa kike, kwamba shamba linauzwa. Baada ya kuonana na bingwa utaweza kumweleza habari: mgongo umepinda kiasi gani, daktari amesema nini, na kwamba hauzuii ndoa wala watoto. Hata hivyo kusubiri nako kuna hatari yake, kwani baba mdogo, mama mkubwa, fundi na rafiki yako wote wanajua, na Mafinga si mji mkubwa; binti akiisikia kwa mtu mwingine, kitakachomuumiza kitakuwa kwamba alikuwa wa mwisho kuambiwa. Wapo wanaochagua kumwambia mwenzi peke yake kwanza na kuwaachia wazee wa pande mbili taarifa iliyo fupi. Wapo wanaoamini kwamba jambo la mwili linapaswa kufika mezani siku ya posa. Wewe unamjua yeye na wazazi wake kuliko mimi, na unajua kama ni mtu anayependa kushirikishwa katika wasiwasi au anayependa kuletewa jibu. Yawezekana kwamba wazazi wake watasita. Yawezekana pia kwamba yeye ameshaliona bega lako siku nyingi na amekuwa akisubiri ulizungumze.

Kwa baba mdogo, pengine usianze na kukataa. Mwombe muda hadi picha ya kusimama na majibu ya bingwa yapatikane, na umwombe yeye mwenyewe afuatane nanyi, wewe na mdogo wako, ili ayasikie kwa masikio yake na aulize maswali ambayo foleni ilikunyima. Andika maswali hayo kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, na ubebe ile picha ya kwanza, kwa kuwa daktari atataka kuilinganisha na ya sasa. Mkisharudi, niandikie tena unieleze mliyoambiwa kuhusu migongo yote miwili, nami nitakujibu.